Vifaa vya Kuendeshea Mfumo wa Mac kwenye PC ya Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watumiaji wa Kigoma

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahariri wa video za harusi, wenye studio za muziki, wanakwaya wanaojirekodia wenyewe na wanafunzi wa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji na Kibirizi, ambao wanatamani kutumia Final Cut Pro au Logic Pro, programu za Apple za kuhariri video na kutengeneza muziki kwenye Mac, lakini walichonacho mezani ni PC ya kawaida, mara nyingi ya mtumba. Vifaa vingi vinavyotajwa hapa huagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa, na kadi isiyofaa ikishafika kwa basi, kuirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine za kusubiri. Ni bora kusoma kwanza na kulipa baadaye.

Je, kipo kifaa kimoja ninachoweza kuchomeka kwenye PC yangu kikaigeuza kuwa Mac?

Hakipo. Kuanzia mwaka 2006 Apple ilitengeneza Mac kwa prosesa za Intel, za aina ileile inayopatikana kwenye PC, na ndiyo maana jambo hili liliwezekana tangu awali. Tofauti zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni namna kompyuta inavyowaka: Mac ina programu ya ndani inayouandalia mfumo taarifa ambazo BIOS, yaani programu ya kuwashia PC, haizitoi, au inazitoa kwa mpangilio mwingine. Ya pili ni chipu ndogo iitwayo SMC, inayosimamia feni, joto na umeme, ambayo mfumo huitafuta unapowaka ili usome ufunguo uliohifadhiwa humo; usipoupata, hauendelei. Ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba Apple huandika draiva, yaani programu ndogo za kuuwezesha mfumo kutumia kifaa, za vile vifaa tu ilivyoviweka kwenye kompyuta zake yenyewe.

Tofauti mbili za kwanza hutatuliwa na programu kianzishi, yaani ile inayowaka kabla ya mfumo na kuuandalia njia, ambayo inaweza kukaa kwenye flashi yoyote ile. Ya tatu haitatuliwi na kidude cha kuchomeka, kwa sababu draiva ambayo haikuandikwa haipo mahali popote pa kuichukua. Kwa hiyo mtu anapokuuzia "kifaa cha Mac", muulize anakuuzia kipi kati ya viwili: flashi yenye kianzishi, au kadi halisi ambayo Apple imeshaiandikia draiva. Cha kwanza hakistahili kulipiwa hata shilingi. Cha pili ndicho chenye thamani, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inakihusu.

Nimesikia kwamba zamani vidude vya namna hiyo viliuzwa na vikafanya kazi. Vilikwenda wapi?

Kilichojulikana zaidi kiliitwa EFiX na kilitoka mwaka 2008, enzi za Mac OS X Leopard. Kilikuwa kipande kidogo cha USB kilichochomekwa ndani ya keisi, juu ya pini za USB za ubao mama, na mwenye nacho aliweza kuingiza DVD halisi ya Leopard aliyoinunua na kuusimika mfumo bila kuuchokonoa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa nafuu kubwa, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kupakua nakala za mfumo zilizokwisha kuchezewa na watu wasiojulikana. Hata hivyo kilikubali orodha maalumu tu ya mbao mama na kadi za picha, hivi kwamba mnunuzi alilazimika kuunda PC ya kukifaa kidude, badala ya kidude kuifaa PC aliyokuwa nayo.

Kazi ya vidude hivyo ilichukuliwa na programu za bure: kwanza Chameleon, kisha Clover, na kuanzia mwaka 2019 OpenCore, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na ambayo leo inatumiwa na karibu kila anayefanya kazi hii. Kila Apple inapotoa toleo jipya, watunzaji wa OpenCore hutoa marekebisho ndani ya muda mfupi. Mwenye kidude cha kulipia alitegemea kampuni moja iendelee kuwapo na iendelee kumjali.

Flashi zinazouzwa zikiwa "tayari kwa Mac" zinafaa?

Ushauri wangu ni kutozinunua. Ndani ya flashi hiyo mna folda iitwayo EFI, yenye OpenCore, viongezi vyake (vipande vidogo vya programu vinavyouwezesha mfumo kutumia vifaa fulani), na faili moja ya mipangilio iitwayo config.plist. Faili hiyo huandikwa kwa kufuata ubao mama mmoja, prosesa moja, kadi moja ya picha na chipu moja ya sauti. Flashi iliyoandaliwa kwa HP EliteDesk ukiichomeka kwenye Dell OptiPlex, mara nyingi utaona maandishi meupe yakishuka kwenye skrini nyeusi, kisha yakisimama mstari mmoja bila kusogea, na hapo mnunuzi hana wa kumuuliza.

Kuna hatari mbili nyingine zilizo kubwa zaidi. Namba tambulishi iliyomo ndani ya flashi moja huwa imenakiliwa kwenye flashi zote za muuzaji huyo, jambo linaloleta matatizo ya iCloud yatakayoelezwa chini. Vilevile, nakala ya mfumo iliyopitia mikononi mwa mtu usiyemjua inaweza kuwa na chochote ndani yake, na wewe utaitumia kufungulia barua pepe na huduma zako za fedha. Kianzishi kipakuliwe kwa watunzaji wake, na mfumo wenyewe upakuliwe kutoka seva za Apple.

Je, ni halali kuendesha mfumo wa Mac kwenye PC?

Kwa masharti ya leseni ya Apple, hapana: leseni hiyo inaruhusu kuusimika kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Hapa Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kwa hiyo si jambo la kupuuza kwa kusema kwamba ni mambo ya Marekani.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Psystar ya Florida, iliyoanza mwaka 2008 kuuza PC zikiwa tayari zimesimikwa Mac OS X. Apple iliishtaki mwaka huohuo. Mwezi Novemba 2009 mahakama ya California ikaamua kwamba Psystar imevunja hakimiliki, na mwezi uliofuata ikaizuia kabisa kuendelea na biashara hiyo. Hoja kwamba kila PC iliuzwa pamoja na nakala halali ya mfumo haikuisaidia kampuni hiyo.

Mwanafunzi anayejifunza namna kompyuta inavyowaka, kwa mashine yake mwenyewe, yuko mbali na mfanyabiashara anayesimika mfumo huu kwa wateja na kutoa risiti, ingawa wote wawili wako nje ya leseni. Kwa fundi mwenye duka nasema waziwazi kwamba hii isiwe huduma ya kuandikwa kwenye bango.

PC yangu ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba. Prosesa yake inafaa?

Angalia kizazi cha prosesa kabla ya jambo lingine lolote. Kwenye jina kama i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndiyo kizazi, hivyo hiyo ni ya kizazi cha 8; namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za kwanza. Kwa prosesa za Intel za mezani, vizazi vya 7 hadi 10 ndivyo vinavyosumbua kidogo zaidi, kwa kuwa picha za ndani, yaani sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, za aina ya HD 630 na UHD 630 zilikuwemo kwenye Mac halisi. Kizazi cha 6 kina HD 530, ambayo kuanzia toleo la mfumo wa Mac liitwalo Ventura, la mwaka 2022, haina tena draiva yake, hivyo hulazimika kutambulishwa kwa mfumo kana kwamba ni ya kizazi cha 7. Kuanzia kizazi cha 11 picha za ndani za mezani hazina draiva kabisa, na kadi ya picha huwa lazima. Tena Ventura na matoleo yaliyofuata yanadai prosesa yenye maagizo ya AVX2, ambayo kwa upande wa Intel yalianza kizazi cha 4. I5-3470, ambayo bado iko katika ofisi nyingi, haikidhi sharti hilo.

Mashine ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 16 ni chaguo zuri kwa video za kawaida za HD. Chini ya GB 8 usijisumbue.

Na prosesa za AMD Ryzen?

Zinawaka, lakini kwa kuubandika viraka kiini cha mfumo, kwa sababu Apple haikutengeneza Mac yenye prosesa ya AMD. Baadhi ya programu za Adobe hugoma au huhitaji kurekebishwa, na programu za kuendesha mfumo mwingine ndani ya Mac hazifanyi kazi ipasavyo. Anayenunua upya achague Intel.

Ninunue kadi gani ya picha?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kadi za NVIDIA zimejaa madukani na bei zake huvutia, lakini karibu zote hazifai. Draiva ambazo NVIDIA ilizitoa yenyewe ziliishia kwenye High Sierra ya mwaka 2017, kwa hiyo GT 1030, GTX 1050 na GTX 1060 hazina kazi kwenye mfumo wowote wa Mac uliofuata. Zile za zamani za familia ya Kepler, kama baadhi ya GT 710, zilidumu hadi Big Sur na zikaondolewa kwenye Monterey mwaka 2021. Kadi zote za RTX hazijawahi kuwa na draiva. Muuzaji akikuambia kwamba RTX 3060 "itapata draiva baadaye", jibu ni kwamba haitapata.

Kadi za AMD ndizo zinazofaa, ila si zote. RX 560, RX 570 na RX 580 zina draiva za Apple zenyewe. RX 580 imekuwa tegemeo la watu wengi, na kwa uhariri wa video za harusi inatosha. Kati ya kadi mpya zaidi, RX 6600 na RX 6600 XT zinakubaliwa kuanzia Monterey. RX 6700 XT, ambayo mtu angetarajia ifanye vizuri kuliko hizo kwa kuwa namba yake ni kubwa, haitambuliwi na draiva za Apple, na familia nzima ya RX 7000 haitambuliwi pia.

Mtego mkubwa kuliko yote ni RX 550. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa chipu mbili tofauti chini ya jina moja: yenye chipu ya Baffin inakubalika, yenye chipu ya Lexa haikubaliki, na boksi halisemi lolote kuhusu hilo. Ukiwa dukani, omba ichomekwe kwenye kompyuta yenye Windows, fungua programu ya bure ya GPU-Z, na usome mstari ulioandikwa GPU, ambao ndio wenye jina la chipu. Ukiona Lexa, irudishe mezani. Muuzaji asiyetaka kuichomeka kadi ya mtumba mbele yako hastahili fedha yako, iwe ni kwa ajili ya Mac au kwa ajili ya kazi nyingine yoyote.

Kadi hiyo itaingia kwenye keisi yangu ndogo?

RX 580 haitaingia. OptiPlex na EliteDesk za umbo dogo zina nafasi ya kadi fupi tu, na pawa saplai zake, ambazo mara nyingi ni za wati 180 hadi 250, hazina kebo ya pini 6 au 8 ambayo kadi hiyo inaihitaji. RX 580 peke yake inaweza kula wati 185. Vilevile pawa saplai hizo zina umbo na plagi za kampuni husika, kwa hiyo huwezi kununua ya kawaida na kuifunga.

Mwenye keisi ndogo ana njia mbili: atumie picha za ndani za UHD 630, ambazo kwa kazi nyepesi zinaridhisha, au atafute RX 560 fupi isiyohitaji kebo ya ziada, inayopata umeme wake wote, usiozidi wati 75, kwenye tundu la ubao mama. Mwenye keisi kubwa ya mnara ahakikishe pawa saplai yake ni ya wati 500 kweli. Zile nyepesi mkononi zinazoandikwa wati 500 kwenye stika huzimika mara tu kazi ya kutoa video inapoanza.

Skrini yangu ina VGA tu. Itaonyesha?

Kwa picha za ndani za Intel za kizazi cha 6 na kuendelea, tundu la VGA kwa kawaida halitoi picha kwenye mfumo wa Mac. Tumia DisplayPort, HDMI au DVI. Watu wengi hudhani mfumo umekwama, kumbe umeshawaka na unasubiri kwenye tundu jingine.

Wi-Fi na Bluetooth zinahitaji kadi maalumu?

Inategemea unachotaka. Kama kebo ya mtandao inafika mezani, tumia hiyo: chipu za Realtek RTL8111 na nyingi za Intel hufanya kazi kwa kiongezi kidogo cha bure, na usimikaji huwa mwepesi zaidi. Kama una kadi ya Wi-Fi ya Intel, ambayo ndiyo iliyomo kwenye laptopu nyingi, kuna kiongezi cha bure kiitwacho itlwm kinachoiwezesha kupata mtandao, lakini AirDrop, njia ya Apple ya kutumiana faili bila waya, haitafanya kazi.

Kadi iliyosifiwa kwa miaka mingi ni ile yenye chipu ya Broadcom BCM94360CD, kwa mfano Fenvi T919, kwa sababu ndiyo chipu iliyokuwemo kwenye Mac zenyewe na haikuhitaji kiongezi chochote. Sifa hiyo imepitwa na wakati. Kwenye Sonoma ya mwaka 2023 Apple iliondoa draiva za kadi hizo, na kuzirudisha kunahitaji programu ya OpenCore Legacy Patcher, kulegeza ulinzi wa mfumo, na kurudia kazi hiyo kila mfumo unaposasishwa. Bluetooth haikuguswa na badiliko hilo. Kwa anayenunua leo kwa ajili ya mtandao tu, sioni sababu ya kuilipia kadi hii.

Wenye nayo tayari wasisahau kebo yake ndogo. Kadi ikishaingia kwenye tundu la PCIe, Wi-Fi hufanya kazi, lakini Bluetooth hupita kwenye kebo nyembamba inayotoka kwenye kadi hadi kwenye pini 9 za USB za ubao mama, na bila kebo hiyo Bluetooth haionekani kabisa. Kwenye baadhi ya OptiPlex pini hizo hazipo au zimeshakaliwa na matundu ya mbele ya keisi, kwa hiyo fungua keisi na uangalie kabla ya kuagiza. Antena nazo zifungwe zote. Zikibaki mbili mfukoni, mtandao utashika karibu na ruta tu.

Nina studio ya muziki. Nifanyeje kuhusu sauti?

Nunua kiunganishi cha sauti cha USB kinachofuata viwango vya kawaida, ambacho kwenye mfumo wa Mac hakihitaji draiva yake chenyewe, kama vile Focusrite Scarlett. Hiki ndicho kifaa ninachokipendekeza bila kusita kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kwa kuwa kinafanya kazi pia kwenye Windows, kwenye PC hii na kwenye Mac halisi, na kwa kwaya inayorekodi waimbaji wake kwa maikrofoni mbili ni cha lazima hata hivyo.

Sauti ya ubao mama yenyewe ni habari nyingine. Kwa miaka mingi kiongezi cha AppleALC kiliiwezesha kwa kutegemea draiva ya zamani ya Apple, lakini kwenye Tahoe, yaani toleo la 26 la mwaka 2025, draiva hiyo imeondolewa. Mwenye kiunganishi cha USB hataona tofauti yoyote.

SSD ya aina yoyote inafaa?

SSD nyingi za SATA zinafaa bila maelezo. Kwa zile za NVMe, epuka Samsung PM981 na Micron 2200S, ambazo zimejulikana kwa kuuangusha mfumo katikati ya kazi. Hizi hazipatikani sana kwenye boksi jipya. Hutolewa kwenye laptopu zilizokufa na kuuzwa zikiwa wazi, kwa hiyo soma stika yake kwa makini. Ndani ya BIOS, hali ya SATA iwe AHCI. Ikibaki RAID, diski haitaonekana na utadhani imekufa. Diski ya kuzunguka usiitumie kwa mfumo, kwa sababu APFS, mpangilio wa faili wa Mac, huifanya iwe nzito mno.

Kwa nini baadhi ya matundu ya USB hayafanyi kazi?

Mfumo wa Mac unakubali matundu 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa kuwa mawili, kwa kuwa lina njia ya USB 2 ndani yake. Ubao mama wenye matundu 10 ya nje na pini za ndani unaweza kuvuka idadi hiyo kirahisi. Dawa yake ni kuchagua mwenyewe matundu ya kubaki: kwenye Windows fungua programu ya USBToolBox, chukua flashi moja ya USB 2 na nyingine ya USB 3, zichomeke kwa zamu kwenye kila tundu, nawe uandike kwenye karatasi lipi liko wapi. Ni kazi ya uvumilivu, na ukiiruka, kompyuta italala na isiamke vizuri.

Laptopu je?

Kadi ya picha haibadilishwi, kadi ya Wi-Fi wakati mwingine imefungiwa na kampuni, na kwa yenye NVIDIA utalazimika kuizima kadi hiyo na kubaki na picha za Intel. Sishauri laptopu inunuliwe kwa lengo hili.

Kupakua mfumo kunakula bando kiasi gani?

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza hupakua sehemu ndogo isiyofika GB 1 kwenye flashi, kisha mashine yenyewe huvuta sehemu iliyobaki, zaidi ya GB 12, wakati wa kusimika. Usimikaji ukifeli, hizo GB 12 huvutwa upya, na kwa anayetumia bando la simu huo ni mzigo mzito. Njia ya pili ni kumwomba mwenye Mac akutengenezee flashi ya GB 32 yenye mfumo mzima uliopakuliwa kutoka Apple. Flashi hiyo utaitumia mara nyingi upendavyo. Kwa Kigoma njia ya pili ndiyo yenye busara.

Umeme ukikatika katikati ya usimikaji?

Mfumo uliokuwa unaandikwa unaweza kuharibika, ukalazimika kuusimika upya, jambo linalorudi kwenye suala la bando. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ni sehemu ya vifaa vya kazi hii sawa na kadi ya picha. Yenye VA 650 hubeba wati zisizofika 400, kiasi kinachotosha PC yenye RX 580 kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, lakini usichomeke skrini mbili na spika za studio juu yake.

Kwa nini iCloud na iMessage zinanikataa?

OpenCore huitambulisha PC yako kwa Apple kwa jina la Mac fulani, kwa mfano iMac20,1, pamoja na namba tambulishi. Namba hiyo ikiwa imenakiliwa kwenye mashine nyingi, au ikiwa ni ya Mac ya mtu mwingine, Apple huizuia, na akaunti yenye picha na mawasiliano yako inaweza kufungwa pamoja nayo. Kamwe usitumie akaunti yako kuu kwa majaribio.

Njia hii bado ina muda gani mbele yake?

Mdogo. Apple ilitangaza mwezi Juni 2020 kwamba inahamia kwenye chipu zake yenyewe, Mac za kwanza zenye chipu ya M1 zikatoka Novemba mwaka huo, na Tahoe ndilo toleo la mwisho linalokubali prosesa za Intel. Matoleo yatakayofuata hayatawaka kwenye PC yoyote ya Intel au AMD, na hakuna kadi wala flashi itakayobadilisha hilo, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya prosesa za aina nyingine kabisa. Kwa desturi Apple hutoa marekebisho ya usalama kwa toleo jipya na mawili yaliyolitangulia, kwa hiyo hata baada ya hapo Tahoe itahudumiwa kwa kitambo. Lakini programu zenyewe zimeshaanza kuondoka: kipengele cha Magnetic Mask cha Final Cut Pro 11 kinahitaji chipu za Apple.

Kwa sababu hiyo nagawanya ushauri kwa watu wawili. Mwenye PC ya kizazi cha 8 ambayo tayari inafanya kazi, na anayetaka kujifunza, anaweza kuijaribu kwa SSD ya pili bila kununua kadi yoyote. Anayepanga kununua PC, kadi ya picha, kadi ya Wi-Fi na pawa saplai ili aanze biashara ya kuhariri, ajumlishe bei hizo zote kwenye karatasi moja, kisha aulize bei ya Mac mini ya M1 iliyotumika. Mac mini hiyo, hata ikielemewa kabisa na kazi, hutumia wati zisizozidi 39, na tofauti hiyo ataiona kwenye uniti za LUKU kila mwezi. Kama bado haitoshi mfukoni, DaVinci Resolve ina toleo la bure linaloendeshwa kwenye Windows, na harusi nzuri zinahaririwa humo.

Nikija kununua Mac halisi, vifaa nilivyonunua vitafaa nini?

Kiunganishi cha sauti, UPS na skrini yenye HDMI vitahamia moja kwa moja. RX 580 haitahamia, kwa kuwa Mac zenye chipu za Apple hazikubali kadi za picha za nje, ila itabaki na kazi kwenye Windows au kuuzwa kwa wachezaji wa gemu. RAM haihamishiki. SSD ya NVMe itiwe kwenye kasha la USB, ifomatiwe upya kwa APFS, na itakuwa diski ya kuhifadhia video za wateja.